Baba Yangu Hakuiba Maji ya Rugarama

Jina la baba yangu, Evode Mbonigaba, lilisomwa mara mbili katika kanisa la Rugarama alipokuwa hai. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1938, alipobatizwa pamoja na mama. Mara ya pili ilikuwa Jumapili moja ya Septemba 1954. Siku hiyo watu walijaa hadi mlangoni, na Padri Mukubwa alisema kwamba Evode Mbonigaba ametoboa bomba la materinite, nyumba ya kuzalia, ameiba maji ya wanawake wanaozaa, na hatapokea Komunyo mpaka aungame kosa hilo kwa mdomo wake mwenyewe, amesimama mbele ya watu wale wale.

Baba alifariki mwezi Februari mwaka huu, 1957, na hakuungama, kwa sababu hakuwa ameiba. Bado kuna kina mama kule sokoni Kirolirwe wanaomwambia mtoto mwenye mikono mirefu, "Acha, utakuwa kama Mbonigaba." Kwa hiyo nitaeleza maisha yake yalivyokuwa, na nitaeleza maji, kwa sababu mtu asiyeelewa habari ya maji hawezi kumwelewa baba yangu.

Kabla ya bomba, baba alikuwa mkulima wa maharagwe kama jirani zetu wote, na kazi yake ya pili ilikuwa kutengeneza miheha. Muheha ni unyasi mrefu wenye tundu ndani, ule ambao wazee wanauingiza katika mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kuvuta wakiwa wamekaa kuzunguka mtungi. Baba alikata nyasi kando ya mto, akazikausha juu ya moto, kisha akatoboa kila kifundo kwa waya uliochomwa mpaka ukawa mwekundu. Mzee aliyekaa karibu na mtungi alipewa muheha mfupi. Aliyekaa mbali, kwenye mkeka wa ukutani, alitaka mrefu, na huyo njo aliyekuwa akirudi kulalamika.

"Mbonigaba, hii muheha yako iko na pepo! Navuta mpaka macho inatoka, pombe haifike!"

"Haina pepo, Papa Nzabonimpa. Iko murefu. Pumzi yako inachoka mu njia mbele ya pombe kufika."

"Pumzi yangu? Niko na watoto tisa!"

"Basi vuta na ile ingine," baba alimwambia, na watu wakacheka mpaka mtungi ukatikisika.

Halafu akamtengenezea muheha wa urefu ule ule lakini mnene zaidi, na mzee akanywa vizuri. Baba alilijua hilo tangu ujana wake: njia ikiwa ndefu inakula nguvu, ikiwa nyembamba inakula zaidi, na kifundo kimoja ambacho hakikutobolewa vizuri kinakula kama urefu wa miheha mitatu. Hakulisoma popote. Alilijua kwa vinywa vya wateja wake.

Sasa kuhusu Rugarama. Kanisa, shule na materinite viko juu ya kilima, na maji yako chini. Kila mwanamke aliyepanda kujifungua alipaswa kuja na mtungi wake wa maji, yeye mwenyewe ao mtu wa kwao. Mama yangu, Verdiane, alipanda na mtungi kichwani mimba ikiwa mwezi wa tisa, alipokuwa anakwenda kunizaa mimi. Mkunga, Mama Godelieve, alikuwa mwema, lakini alisimama mlangoni akauliza maji kwanza, kwa sababu bila maji angefanya nini?

Kwa hiyo ilipotangazwa, mwaka 1953, kwamba maji yataletwa kwa bomba kutoka chemchemi ya upande wa msitu, watu walipiga vigelegele. Vijiji vyote vilichimba mfereji. Mzungu wa kazi alikuwa mtu mwembamba ambaye watu walimwita Kipimo, kwa sababu hakuachana na utepe wake wa kupimia hata mezani. Alitafuta mtu mwenye vidole vyepesi wa kuunga bomba, akaambiwa habari za mtengeneza miheha. Hivyo baba akapewa ufunguo wa bomba, katani na rangi ya kuziba, akawa fundi wa kuunga.

Njia ya maji ilikuwa hivi. Chemchemi iko juu kuliko kilima cha Rugarama, lakini si sana, kiasi cha wanaume saba wakisimama mmoja juu ya mwingine. Kati yao kuna bonde refu. Bomba lilipaswa kushuka kutoka msituni mpaka bondeni, kisha kupanda Rugarama, hatua elfu nne kwa jumla. Na pale bondeni, njiani kabisa, kulikuwa na nyumba ya maziwa ya Mzungu mwingine, mfugaji wa ng'ombe, rafiki wa meza wa Kipimo.

Bomba nene zilifika kwa lori mara tatu. Lori la tatu liliteremsha mzigo wake kwenye nyumba ya maziwa, na bomba zile hazikutoka tena pale. Kwa ile sehemu ya mwisho, ya kupanda Rugarama, zikaletwa bomba nyembamba, nusu ya upana. Na Kipimo akaagiza baba aweke tawi na robine kubwa ya kufungulia maji pale bondeni, kwa ajili ya kuosha ndoo na kunywesha ng'ombe.

Baba alivua kofia, akauliza.

"Bwana, hii nyembamba itachosha maji. Na ile robine ya chini ikifunguliwa, juu hakutapanda kitu."

Kipimo alicheka bila ubaya. "Mbonigaba, chemchemi iko juu ya Rugarama. Nilipima na darubini. Maji inatafuta usawa wake. Njo mambo ya fizike, si mambo yako."

"Maji ikisimama, inatafuta usawa, Bwana. Ikitembea, inachoka."

"Unga bomba."

Baba akaunga. Alikuwa mtu wa kutii, na leo jambo hilo linaniuma.

Lakini jioni, akitoka kazini kabla jua halijazama, alianza kitu katika shamba letu la maharagwe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne, niko likizo, nami nilikiona. Alipanga miheha sitini na sita, mmoja baada ya mwingine, ameiunga kwa nta ya nyuki. Kila muheha ulikuwa hatua sitini za bomba. Kila kimo cha mwanamume alikifanya upana wa vidole vinne. Akaweka mtungi juu ya kigogo, huo ni chemchemi. Miheha ikashuka kwenye mtaro, hilo ni bonde, kisha ikapanda juu ya rundo la udongo, hiyo ni Rugarama, na kule mwishoni akaweka kibuyu kidogo.

Hatukuwa na saa nyumbani. Baba alipima kwa Salamu Maria. Alipoweka miheha minene njia nzima, kibuyu kilijaa kwa Salamu Maria kumi na nne. Alipoondoa minene ya sehemu ya mwisho, akaweka myembamba kama Kipimo alivyoagiza, kibuyu kilijaa akiwa amekaribia kumaliza rozari nzima. Sehemu kadhaa alisimamisha muheha wima juu ya njia, akachovya ndani yake unyasi mkavu na kutazama umelowa mpaka wapi. Karibu na mtungi, maji yalisimama juu. Mbele kidogo yalisimama chini zaidi, kisha chini zaidi tena, kama watu wanaopungukiwa na roho njiani. Kisha akatoboa muheha wa bondeni, hilo ni tawi la nyumba ya maziwa. Maji katika muheha wima wa bondeni yakaanguka mara moja, chini ya kimo cha rundo la udongo. Alimaliza rozari, akaanza nyingine. Kibuyu kilibaki kikavu.

Mjomba Polycarpe, kaka ya mama, ambaye ni katekista, alipita akamkuta anaomba mbele ya miheha ya pombe.

"Shemeji! Unafanyia Bikira Maria nini? Unamugeuza saa?"

"Yeye hakasiriki, Polycarpe. Alichota maji, yeye naye."

"Utasema hivyo mbele ya Padri?"

"Nitamuonyesha Padri."

"Papa Atanazia," mama alimwambia baba kutoka mlangoni, akimwita kwa jina langu, "tengeneza kwanza miheha mupya. Ile ya kuazima inanuka kasiksi mpaka hapa."

Mama alikuwa amesema kweli, na baba hakumsikiliza. Miheha sitini na sita ni mingi. Mipya ilikuwa ishirini tu. Mingine aliiazima nyumba kwa nyumba, iliyokwisha kunyonywa na vinywa vya wazee kwa miaka. Na ilikuwa Kwaresima. Mwaka ule Padri Mukubwa alikuwa amewaapisha wanaume wote wa kilima kuacha mtungi mpaka Pasaka. Baba aliapa, na alikishika kiapo chake. Lakini alikuwa anafikiria maji tu. Hakufikiria kwamba mtu anaweza kutazama muheha asione maji.

Jumamosi, baada ya maungamo, alibeba mzigo wake mpaka mteremko wa bustani ya misioni, akaupanga. Nilimsaidia kupasha nta. Kipimo alikuja kwa sababu aliitwa. Padri Mukubwa alikuja kwa sababu alisikia harufu.

Nataka kuandika vizuri nilichokiona, kwa sababu wakubwa wawili walikiona pamoja nami na wote wawili walinyamaza.

Baba alijaza mtungi. Muheha wa bondeni ulikuwa wazi. Kule juu hakukutoka kitu. Kipimo alipiga magoti nyasini, akaziba tundu la bondeni kwa kidole gumba. Baada ya kitambo, juu kukatoka tone, kisha uzi mwembamba wa maji. Akaondoa kidole. Uzi ukakatika. Akaziba tena, akaondoa. Akaziba mara ya tatu, akaondoa. Mtu ambaye hakuelewa hafanyi mara tatu. Uso wake ulibadilika, akatazama upande wa bonde, upande wa paa la nyumba ya maziwa.

Padri alichukua muheha mmoja, akaunusa.

"Evode. Uliapa mbele ya Mungu."

"Nilishika, Padri. Hii ni ya kuazima. Tazama maji, Padri, maji tu."

"Unaleta vyombo vya ulevi katika uwanja wa misioni, siku ya maungamo!"

Baba alimgeukia Kipimo. "Bwana, umuambie. Umeona."

Kipimo alisimama, akakung'uta magoti. Akasema kwa sauti ya kuchoka, "Ni muchezo wa watoto, Padri. Bomba si muheha."

Akaondoka. Padri akaamuru miheha itupwe. Mjomba Polycarpe njo aliyeitupa, na hakumtazama baba. Nilipokuwa naokota mingine kwenye kichaka, nilimsikia baba akisema polepole, "Alielewa. Yule muntu alielewa." Alisema kama mtu anayefurahi. Alidhani kuelewa kunatosha.

Siku ya kubariki bomba, mwezi wa Juni 1954, robine ya bondeni ilifungwa. Maji yalifika Rugarama, machache lakini yalifika, na watu wakaimba. Kesho yake nyumba ya maziwa ilifungua robine yake, na Rugarama ikakauka. Jumapili, wafanyakazi wa maziwa wakipumzika, maji yalirudi kidogo. Jumatatu yalikatika. Kila mtu mwenye macho angeweza kuhesabu siku hizo. Lakini hesabu iliyofanywa ni nyingine: maji yanapotea, kwa hiyo kuna mwizi.

Mwezi Agosti baba alipelekwa na kazi yake mwenyewe kutazama maungio chini ya kilima. Alifungua ungio moja aone kama kuna tope. Hapakuwa na tope. Aliona maji yakirudi nyuma, yakishuka kuelekea bondeni. Alikuwa bado amechuchumaa hapo, ufunguo mkononi, nguo zimelowa, askari wa chifu walipomkuta.

Kipimo aliitwa kutoa ushahidi. Neno moja lingetosha. Alisema kwamba bomba limepimwa sawasawa, na likifunguliwa na mikono isiyo na ruhusa, yeye hawezi kujibu. Baba alipewa miezi sita ya gereza, akapigwa fimbo uwanjani mbele ya wafungwa wengine. Kipimo alimaliza mkataba wake akaondoka. Simjui aliko. Kila siku ninaomba nisimchukie, na kila siku ninashindwa, na nimemwambia Mungu hivyo waziwazi.

Na ilikuwa baada ya fimbo, si kabla, ndipo lilipokuja tangazo la kanisani.

Mama hakulia kanisani. Mwezi Oktoba alikusanya wanawake kumi na mmoja, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na mtungi wake mtupu. Alipatana na Mama Godelieve: maji yakitoka juu, piga kengele ya materinite. Asubuhi wakashuka mpaka nyumba ya maziwa. Mama akafunga robine kwa mkono wake, akakaa juu yake. Wengine wakakaa kumzunguka, kama wazee wanavyozunguka mtungi.

Kapita, msimamizi wa nyumba ya maziwa, akaja mbio. "Mama, utoke! Ng'ombe iko na kiu!"

"Ng'ombe iko na miguu minne. Ishuke mutoni."

"Nitaita Bwana!"

"Umuite. Umuletee na kiti, tuko na rozari nzima ya kusali."

Walisali. Nilikuwa pale. Walifika fungu la nne, "uliyebarikiwa kuliko wanawake wote", na juu ya kilima kengele ikalia. Haikuacha. Mama Godelieve aliipiga kama kuna moto. Wanawake wakasimama wakipiga kelele, na mama akabaki amekaa, mikono imeshika chuma, akisema, "Munasikia? Munasikia? Bwana yangu hakuiba."

Bonde lote lilisikia. Padri alisikia, kengele iko hatua mia kutoka dirisha lake. Askari walikuja na fimbo, wanawake wakafukuzwa, robine ikafunguliwa na kujengewa sanduku la bati na kufuli. Baba hakutolewa hata siku moja kabla ya miezi sita kwisha.

Alirudi na kikohozi, na hakikumwacha. Kwa miaka miwili alikwenda misa kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho, na wengine walipokwenda kupokea, yeye alibaki amepiga magoti peke yake. Mjomba Polycarpe alimwendea mara nyingi. "Useme tu, shemeji. Neno moja. Useme uliiba, upokee, uishi vizuri na watu."

"Mbele ya Sakramenti niseme uongo? Weye njo ulinifundisha katekisimu."

Mwezi Februari, alipokuwa hawezi tena kuketi, Mjomba alikuja mara ya mwisho. Ilikuwa mchana, mvua imekatika. Aliomba neno lile lile. Baba alimtazama mama, na mama akaelewa. Alishusha kutoka darini miheha niliyookota kichakani, na ile mipya aliyoitengeneza mwenyewe wakati baba yuko gerezani, yote sitini na sita. Tuliipanga shambani, mbele ya mlango, baba aone kutoka kitandani.

"Pima," akamwambia Mjomba. "Usali weye mwenyewe."

Polycarpe akatoa rozari yake. Muheha wa bondeni ulikuwa wazi. Alisali kwa sauti, mafungu matano, hakuruka neno. Kibuyu kikavu. Kisha mama akaziba tundu kwa kidole, kama Kipimo alivyofanya. Mjomba aliendelea kusali mpaka tone la kwanza likaanguka kibuyuni. Alikaa chini pale pale, katika matope, na kanzu yake nyeupe.

"Nilitupa hii miheha," akasema. "Na mikono yangu."

"Ulitupa," mama akasema.

Alikwenda kwa Padri akiwa na matope vilevile. Sijui waliambiana nini. Najua kwamba kabla ya jua kuzama Padri Mukubwa alikuja na Komunyo, akampa baba, na hakumwomba aungame wizi. Hakuutaja. Kwangu mimi hilo linatosha kuonyesha kwamba alijua. Baba alipokea, akafumba macho muda mrefu, kisha akauliza, "Padri, Jumapili utasoma?"

"Tutaona, mwanangu."

Baba alifariki Alhamisi.

Jumapili Padri hakusoma kitu. Alikuwa amemtuhumu mbele ya kanisa lililojaa, akamsafisha mbele ya kitanda. Lakini majina ya marehemu husomwa na katekista. Mjomba Polycarpe, mtu mwoga, ambaye nilikuwa nimemkasirikia miaka mitatu, alisoma, "Evode Mbonigaba," akakunja karatasi, akasema, "Hakuiba maji. Robine ya bonde njo inakunywa." Sauti yake ilikuwa ndogo. Padri akaanzisha wimbo mara moja, na watu wakaitikia. Juma lililofuata Mjomba hakuwa katekista tena.

Waliokaa mbele walisikia. Waliokaa nyuma, katika benchi la baba na karibu na mlango, hawakusikia ila jina na wimbo. Hao njo ninaowaandikia. Watakaosoma maandishi yangu wasiseme ni kiburi. Nilisomeshwa na baba aliyetoboa nyasi kwa waya wa moto, nami ninamrudishia.

Sanduku la bati bado liko bondeni, na kufuli lake. Asubuhi ya leo mwanamke wa Nyabiondo amepita mlangoni petu akipanda Rugarama, uchungu umekwisha kumshika, na mama amembebea mtungi.